Kengele ya tenki inalia vizuri kwa maji ya bomba, kwa maji ya mvua inanung'unika tu

CherehaniUjiji

Habarini wadau. Naandika kutoka Ujiji, Kigoma. Mimi ni fundi cherehani, si fundi umeme, kwa hiyo mtakaonijibu msinipige na hesabu za chuo. Nielezeni kama mnavyomweleza mteja aliyesimama mlangoni.

Nyumbani tuna tenki la plastiki la lita 2000, limekaa juu ya mnara wa matofali nyuma ya chumba ninachoshonea. Linajazwa kwa njia mbili: bomba, ambalo maji yake mtaani kwetu huja usiku, na gata ya bati wakati wa mvua. Likijaa na hakuna aliye macho, maji yanamwagikia upande wa ukuta wangu, na ukuta huohuo kwa ndani ndiko nilikopanga jora za vitenge na sare za shule za watu. Kitenge kikilowa upande mmoja kikajikaukia, kinabaki na mstari. Mteja ukimwambia habari za tenki anakuona muongo.

Mpwa wangu anayesoma ufundi alinitengenezea kengele. Transista moja ya BC547, rezista, baza ndogo nyeusi na betri ya volti 9, vyote ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka. Waya mbili za shaba zinapanda hadi kwenye mdomo wa tenki, ncha zimemenywa ganda, zinaning'inia chini kidogo ya tundu la kutolea maji yaliyozidi. Maji yakizigusa zote mbili, baza inalia. Kiangazi chote imenifaa sana. Inalia, naamka, nafunga koki, narudi kulala.

Sasa mvua zimeanza na mambo yamebadilika. Tenki likijazwa na gata, baza inatoa kisauti cha mbu aliyenaswa ndani ya chandarua, ukigeukia upande wa pili hukisikii. Betri nimebadilisha, hali ni ileile. Yakiongezeka maji ya bomba humohumo, sauti inarudi. Mpwa ameshaenda chuoni na kwenye simu ananiambia "labda waya zimelegea shangazi". Hazijalegea. Nimezivuta moja moja.

Na jambo lingine: waya mmoja ncha yake imekuwa ya kijani, imeliwa hadi imekuwa nyembamba, na mwenzake bado mwekundu. Ziko tenki moja, maji yaleyale, zimefungwa siku moja. Kwa nini uliwe mmoja?

Kibirizi_Boy

Dada, hizo kengele za nini? Nunua boya, funga, maji yakijaa yanajifunga yenyewe. Umemaliza.

CherehaniUjiji

Boya ninalo kaka. Mchanga unalikwamisha, leo linafunga kesho halifungi, ndiyo maana nikataka kengele. Lakini tuseme ni zima. Boya linafunga bomba; mvua utaifunga na nini? Usiku wa mvua ninachotaka ni kuamka nigeuze kona ya gata, maji yaende kwenye mapipa ya uani. Siwezi kukaa macho kila radi ikipiga.

MzeeWaRedio

Mwanangu, umeuliza vizuri kuliko wengi wanaoniletea redio na neno moja tu, "imekufa". Waya zako hazina kosa na mpwa wako hakukosea kuunga. Kilichobadilika ni maji.

Kabla hujatoa hela yoyote, fanya hivi. Chukua glasi mbili. Moja tia maji ya bomba. Nyingine tia maji ya mvua uliyokinga wazi uani, yasiyopita kwenye bati. Chukua vipande viwili vya waya safi, uviunge kwenye kopo lako badala ya vile vinavyokwenda tenkini, uvichovye kwenye glasi ya kwanza halafu ya pili. Kina kiwe kilekile, nafasi kati yake ileile. Sikiliza. Kisha kwenye glasi ya mvua tia chumvi ya jikoni, ile inayoshikika kwa vidole viwili, na uikoroge kwa kijiti huku waya ziko ndani. Tazama ncha pia, usisikilize tu. Ukimaliza njoo unieleze.

Chumvi ni ya glasi. Usije ukaitia kwenye tenki, hapo tutakuwa tumehama kwenye umeme tumeingia kwenye mchuzi.

CherehaniUjiji

Shikamoo mzee. Nimefanya, watoto wa jirani wote wamejaa mlangoni.

Glasi ya bomba: ililia hadi paka akatoka chini ya meza. Glasi ya mvua: kile kisauti changu cha usiku. Nilipotia chumvi ilishuka ikatulia chini, hakuna kilichobadilika. Nikaanza kukoroga, sauti ikawa inapanda kadiri kijiti kinavyozunguka. Hadi chumvi inayeyuka yote, baza ilikuwa kali kuliko hata kwenye maji ya bomba. Nikatazama ncha kama ulivyosema. Ncha moja ilitoa vipovu vidogo sana, vinapanda kwa mstari mwembamba. Nyingine haikutoa kitu, ila baada ya muda shaba yake ilianza kupoteza ung'avu.

Sasa nieleze.

MzeeWaRedio

Marahaba. Glasi zimekujibu maswali yote mawili, mimi nitasoma tu.

La waya kuliwa kwanza, maana ni fupi. Vipovu ulivyoona ni hewa ya haidrojeni, na hutoka kwenye waya wa hasi. Waya wa chanya ndio unaoliwa: umeme ukipita kutoka kwake kwenda majini, shaba inaondoka nao kidogo kidogo, inageuka ule ukijani. Fuata waya uliokuwa wa kijani kwa kidole hadi kwenye kopo, utaukuta umetokea upande wa chanya ya betri. Na kwa kuwa hayo maji mnakunywa, shaba tuiondoe kabisa. Nitafika huko.

La sauti sasa. Maji matupu, yasiyo na kitu ndani, hupitisha umeme kwa shida mno. Kinachobeba umeme ni chumvi na madini yaliyoyeyuka humo. Uwezo huo hupimwa kwa maikrosimensi kwa sentimita. Maji ya Ziwa Tanganyika, ambayo ndiyo mnayoyapata bombani, yana kama 650. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, na maji mengi huondoka juu kwa mvuke. Mvuke hauchukui chumvi, chumvi inabaki. Sehemu kubwa ya chumvi hizo huletwa na mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu. Mto Malagarasi wetu pamoja na ukubwa wake wote huleta maji laini zaidi. Maji ya mvua hayajapita popote pa kuokota madini. Kuyakuta na 20 au chini ya hapo ni kawaida. Yaani glasi ile ya pili ilikuwa inapitisha umeme mara thelathini chini ya ile ya kwanza, na kwa macho zinafanana.

Hesabu kidogo, unisamehe, nitaipunguza iwezekanavyo. Ncha mbili za waya wa kawaida zikiachana sentimita tatu na kuzama sentimita moja, maji ya bomba kati yake ni kama rezista ya omu elfu mbili. Ya mvua, elfu sitini. Lakini usiku tenki linapoanza kujaa, maji hayazamishi sentimita nzima, yanagusa ncha tu, tuseme milimita mbili. Zidisha kwa tano: laki tatu. Kutoka volti 9 kinachopita hapo hakifiki hata maikroampea 30. Transista yako huvikuza mara mia mbili hivi, unapata miliampea tano na ushee. Baza kama hizo hutaka kumi na tano au ishirini ndipo zipige kelele za kuamsha mtu. Kwa hiyo haijaharibika, ina njaa.

Dawa yake ni transista ya pili. Bei yake haifiki soda. Transista ina miguu mitatu, majina yake kolekta, besi na emita. Inakaa hivi: emita ya ile ya kwanza inaingia kwenye besi ya pili. Kolekta zote mbili zinaungana na kwenda kwenye mguu hasi wa baza. Emita ya pili inakwenda hasi ya betri. Chanya ya baza inabaki kwenye chanya ya betri kama ilivyo, na waya wa tenki unabaki kwenye besi ya kwanza kupitia rezista yake ya 10K (omu elfu kumi), usiiondoe. Sasa kidogo kinachopita majini kinakuzwa mara mbili mfululizo, na hata tone la mvua likigusa ncha zote, baza itashiba.

Miguu: geuza ule upande bapa wenye maandishi ukutazame, miguu chini. Kutoka kushoto kwako ni kolekta, besi, emita. Hii ni kwa BC547. Dukani wakikosa watakupa C945 na watakuambia "ni ileile". Kazi inafanya, ila miguu yake kutoka kushoto ni emita, kolekta, besi. Ukiiunga kwa mpango wa BC547 utatukana bure.

Kuna gharama ya kuongeza nguvu hivyo. Kengele itakuwa nyepesi mno, itasikia hata unyevu. Alfajiri chini ya mfuniko wa tenki kunatoa jasho, maji yanatambaa kwenye waya, na wewe utaruka kitandani tenki likiwa nusu. Kwa hiyo weka rezista ya 220K kati ya besi ya kwanza na hasi ya betri. Hiyo inanyonya ule umeme mdogo wa unyevu usifike kwenye transista, na maji ya mvua ya kweli bado yanashinda. Sambamba nayo weka kapasita iliyoandikwa 104, maana waya zako ni ndefu na zikipita karibu na waya za umeme wa nyumba zinaokota mvumo.

Na ncha: tafuta uma wa zamani wa stenlesi, kata meno mawili marefu. Risasi ya kuungia waya haishiki kwenye stenlesi, usihangaike na pasi yake, tumia koneta ya skrubu. Koneta ikae nje ya tenki, pasipofika maji. Kila jino lining'inie peke yake, pasiwe na kipande cha plastiki kinachoyashika pamoja karibu na maji, maana plastiki iliyolowa ni njia ya umeme tayari.

Gungu_Umeme

Mzee naheshimu maelezo, ila betri ya nini wakati kila nyumba ina chaja mbovu ya simu? Kata waya, pata volti 5 za bure.

MzeeWaRedio

Kwa mambo mawili. Moja, chaja za bei rahisi nimezifungua nyingi. Kati ya upande wa umeme mkubwa na upande wa simu kuna nafasi ndogo inayotisha, na nyingine zinakutekenya kidole ukiwa peku sakafuni. Hiyo uiunganishe na maji ya kunywa ambayo mtoto anakuja kukinga na kikombe cha chuma? Mimi sitaki. Pili, usiku wa mvua na radi ndio usiku umeme unapokatika, na ndio usiku dada yetu anaihitaji kengele.

Betri kwenye kazi hii haichoki. Ncha zikiwa kavu hakuna kinachopita. Itakufa kwa uzee, si kwa kazi. Awe anaijaribu tu mara kwa mara kwa kugusisha waya mbili koponi.

Isevya_Tbr

Naomba kudandia, niko Tabora mjini. Nina sehemu ya kuoshea pikipiki, tenki la lita 1000. Mimi nataka kinyume, ilie maji yakikaribia kuisha, maana vijana wanaosha hadi tone la mwisho ndipo wananiambia. Nilinakili mchoro wa kengele ya kujaa kwenye video nikajaribu kwenye ndoo, ikalia kinyonge kama ya dada, na maji yangu ni ya bomba siyo ya mvua. Tangu tuache kutegemea bwawa la Igombe peke yake tunapata ya Ziwa Victoria. Mbona ziwa ni ziwa?

MzeeWaRedio

Ziwa si ziwa bwana. Victoria lina kama 100 kwenye kipimo kilekile, Tanganyika 650. Maji mengi ya Victoria huingia kama mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mvua tumeshaijua tabia yake. Kwa hiyo maji yako wewe yanakaa katikati ya glasi zake mbili. Transista ya pili itakutosha kabisa.

Lakini kwa kazi yako sikushauri ncha za majini hata kidogo. Kengele ya kujaa, ncha zinakaa kavu karibu muda wote. Ya kuisha, ncha zinakaa majini usiku na mchana na umeme unapita humo wakati wote kuiambia "bado yapo". Zitaliwa hata ziwe za uma. Na mchoro wake unageuzwa: maji yakiwepo transista ya kwanza inaizima ya pili, na kwa hali hiyo betri inavuja kidogo kidogo saa zote. Ukitumia rezista ya 22K pale juu inavuja kama miliampea 0.4. Betri ya volti 9 nzuri ina kama miliampea-saa 500, yaani miliampea moja kwa saa 500, kwa hiyo inaisha ndani ya miezi miwili, na itaisha bila kukuaga. Utaamini maji yapo kumbe ni betri iliyokufa.

Tumia swichi ya sumaku, zile vijiti vya kioo wanavyoweka kwenye kengele za milango. Ziba bomba la PVC la nusu inchi upande wa chini kwa gundi, ingiza swichi ndani ifike usawa unaotaka kuonywa. Nje ya bomba vaa kipande cha ndala kilichotobolewa katikati, chenye sumaku imebandikwa. Ndala inaelea, inashuka na maji, ikifika usawa wa swichi inaifunga, baza inalia. Weka kizuizi hapohapo chini isishuke zaidi, la sivyo itapita na kengele itanyamaza. Maji na umeme havijuani kabisa hapo, na betri haitoi kitu hadi siku ya kulia.

Isevya_Tbr

Hiyo ya ndala nimeielewa bila mchoro. Asante mzee.

Kibirizi_Boy

Sasa mzee kama ya sumaku ni safi hivyo, dada naye si angefunga hiyohiyo juu? Umemchosha na transista.

MzeeWaRedio

Angeweza, na wala sikatai. Ila yeye kopo analo tayari na pungufu ni transista moja. Na juu ya tenki lake kuna gata linamwaga maji kwa nguvu, majani na kinyesi cha ndege humohumo. Kitu kinachotembea kitakwama kama boya lake linavyokwama. Jino la uma halitembei.

CherehaniUjiji

Nimerudi wadau. BC547 nimepata. Rezista ya 220K hawakuwa nayo, kijana wa duka akanipa mbili za 100K nikaziunga moja mkiani mwa nyingine. Uma nimekata wa seti iliyobaki vipande vitatu, mama mkwe asisome hapa. Pasi ya risasi nimeazima, nimeona haina tofauti sana na kupiga pasi kola: ukikaa mno unaunguza, ukiwahi mno haishiki.

Jana jioni imenyesha. Tenki lilikuwa robo tatu, nikalala kwa makusudi. Ililia, na si mimi tu niliyeamka, jirani ng'ambo ya ua alipiga kelele "zima hiyo redio". Nimegeuza kona ya gata, ukuta mkavu. Asubuhi nimepanda ngazi nikaangalia: chini ya mfuniko kumejaa matone, waya zimelowa, na alfajiri haikulia ovyo.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Zile 100K mbili ni sawa? Na nikishaamka nikageuza gata, maji bado yamegusa ncha, baza inaendelea kulia hadi nitumie maji yapungue. Nazimaje bila kuchomoa betri kwa meno?

MzeeWaRedio

Zimekuwa 200K, ni sawa kabisa, ziache.

Ya kuzimia, weka swichi ndogo kwenye waya wa chanya unaotoka betri, kabla haujagawanyika kwenda kwenye baza na tenkini. Usiiweke kwenye waya wa baza tu, maana hapo kelele itaisha lakini ncha zitaendelea kupitisha umeme majini usiku kucha. Toboa kopo ubavuni, swichi itokeze nje, na upande wa kuzima upake rangi ya kucha nyekundu ili asubuhi ukiiona ukumbuke kuirudisha.

Na nunua diodi moja ya 1N4148, kile kijidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Iweke kati ya besi ya kwanza na hasi, ule upande wenye mstari mweusi uelekee kwenye besi. Waya mrefu uliopanda mnarani hudaka mishtuko radi ikipiga jirani, na diodi inaimwaga ile inayokuja kinyumenyume kabla haijaua transista. Radi ikipiga mnara wenyewe hiyo ni habari nyingine, hakuna diodi ya hapo.

CherehaniUjiji

Diodi nitaipata Jumatatu duka likifunguliwa. Rangi ya kucha ipo.